Mizizi Isiyoshika Udongo

Niliporudi Bunia safari hii nilikuwa nimetoka Mongbwalu, ambako nilichora vibao vya maduka kwa miezi michache. Kabla ya hapo nilikuwa Boga. Nikikaa mahali, miguu inaniwasha, nikiondoka, ninapakumbuka. Mama amezoea. Mara hii nilimwahidi kwamba nikipata kazi ya kunishika, nitabaki.

Kazi ikatoka katika shule niliyomalizia sekondari. Mwalimu wa biolojia, madame mmoja kijana, alikuwa na picha saba za mimea ya majini, zilizochorwa kwa mkono wakati wa wakoloni. Wadudu walikuwa wanazimaliza. Alitaka zinakiliwe, ila kwanza aone nakala ya kwanza. Ikimpendeza, kazi ya zote ni yangu.

Ya kwanza ilikuwa ya mmea unaoelea, wenye umbo la kabichi iliyofunguka. Nikapiga miraba kwa penseli, kama ninavyofanya kwa vibao, nikahamisha mraba kwa mraba. Siku tatu. Hata mshipa mmoja wa jani haukunipotea.

Mama alizaliwa kando ya Ziwa Albert na ameuza samaki maisha yake yote. Alipita na ufagio, akasimama.

"Hii mizizi, mbona yote inaenda upande moja? Na iko mu udongo?"

"Mama, ni vile iko mu picha ya zamani. Watu ya kusoma ndiyo walichora."

"Walisoma, ndiyo. Lakini walioga?" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Hii haishikake udongo. Inatembea tu, kama weye."

Asubuhi alinipeleka kwenye mabwawa ya samaki nje ya mji. Akakunja kitenge, akaingia hadi magotini, akautoa mmea kama ule wa picha kwa mikono miwili. Nyumbani tuliuweka katika chupa kubwa ya kioo. Mizizi ikafunguka pande zote, myembamba, kama manyoya ya ndege.

Hapo nikaelewa. Yule mchoraji alichora mmea uliokaushwa, uliobanwa kati ya karatasi. Mizizi ilikuwa imelala upande mmoja, naye akaitafutia udongo wa kusimama. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Alikosa maji tu.

Nikachora upya, bila miraba, macho kwenye chupa.

Madame alipoiona, alikunja uso, ila heshima hakuiacha. "Papa, nilikuomba kopi. Hii si kopi."

Nilijiona tayari niko barabarani tena. Niliweka chupa juu ya meza yake. Akauinua mmea, mizizi ikajikusanya kama nywele zilizolowa, akaushusha, ikafunguka. Akarudia. Akailinganisha na ile ya picha ya zamani.

"Nani alikuambia?"

"Mama."

"Alisomea biolojia wapi?"

"Mu ziwa."

Alicheka, akabandika picha yangu ukutani, akanikabidhi zile sita zilizobaki. "Mumuonyeshe mama kwanza."

Sasa ninamwambia kila ninayekutana naye sokoni: ile picha iliyo shuleni, mama yangu ndiye aliyeisahihisha. Yeye anakaa mkekani na zile nyingine. Ya pili na ya tatu amezipitisha. Ya nne ameigeuza uso chini; anasema hiyo haiongelewi mpaka tufike ziwani.