Watu wa Keli

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kalamu, chupa ya wino na kitambaa cha kufutia vidole, na mpaka jioni sikuruhusiwa kuandika hata herufi moja. Mkuu wa ofisi ya usajili, ambaye huku kwetu huitwa konservadori, aliniketisha mbele ya kitabu kikubwa cha vizazi akaniambia nisome tu.

"Soma, kamarada Muajuma," alisema. "Ukishachoka kuona makosa ya wenzako, utaogopa kuacha ya kwako."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanamke wa kwanza kukaa kwenye meza ile ya Palma, mji wetu wa pwani, kusini mwa mto Ruvuma. Uhuru ulikuwa mpya na mimi nilikuwa na majivuno mapya vilevile. Nilikuwa na mwandiko mzuri, nami nilijua kuwa ni mzuri, na hilo ndilo lililoniponza baadaye. Leo vijana wanaobofya kompyuta wananiuliza tulikuwa tunafanyaje kazi kwa mkono, basi nawaandikia.

Kila mtu aliyesajiliwa alipata kifungu chake kitabuni, kinaitwa assento. Humo huandikwa jina lake, siku aliyozaliwa, baba, mama, na mashahidi wawili. Bila assento hupati kitambulisho, na bila kitambulisho mwenye bunduki njiani hakujui. Lakini kazi ngumu haikuwa tarehe wala mashahidi. Ilikuwa ni apelido, yaani jina la ukoo linaloshuka kwa watoto bila kubadilika.

Sisi watu wa pwani hatukuwa na kitu hicho. Mtu aliitwa Saíde Amade kwa sababu baba yake ni Amade. Mwanawe akawa Momade Saíde, na jina la babu likaachwa njiani bila ugomvi. Serikali ikataka jina moja lisimame, na watu wakaja kulitafuta kwetu kama kwamba tunayauza. Mmoja aliomba apelido ya wakwe zake ili wapunguze kumsimanga. Mwingine aliitaka ya kwangu, maana ameona jina hilo linapewa kazi. Nilicheka hadi konservadori akagonga ukuta wa chumba cha pili.

Mwaka wangu wa pili nilitumwa Mbau na msafara wa kusajili vijijini. Tulipewa darasa la shule na meza mbili. Asubuhi ya siku ya tatu wakaja wanaume wanane na wake zao na watoto wao, wamesimama mstari mmoja. Wa kwanza akasema anaitwa Bakari Nampanda, na apelido anataka Keli. Wa pili naye Keli. Wa tatu Keli. Nilikuwa na haraka, na mstari ulifika mpaka nje. Nikajiambia hawa ni tumbo moja, kuna haja gani ya kuuliza? Nikamuuliza Bakari peke yake jina la baba yake, nikaliandika kwa wote wanane, tena kwa mwandiko wa kupendeza.

Tuliporudi Palma, konservadori aliketi na kitabu changu muda mrefu.

"Kamarada, huyu mzee ni mtu wa namna gani?" akauliza. "Ana watoto wanane, na wanne kati yao wamezaliwa mwaka mmoja."

"Labda ana wake wengi, chefe."

"Na huyu Petro aliyebatizwa misheni ya bara, naye ni mwanawe?"

Nikainamia kitabu.

"Uliwauliza?"

"Hapana, chefe."

"Kitabu hiki hakina nafasi ya labda. Rudi Mbau, ukamuulize kila mmoja peke yake. Usirudi na hadithi, rudi na majina ya baba zao."

Nilirudi, mwendo mrefu kwa miguu na kwa kudandia magari ya korosho, huku nikimlaani moyoni. Sasa nasema Mungu amrehemu, maana kosa lile na adhabu ile ndivyo vilivyonifundisha kazi.

Aliyenipokea alikuwa mmoja wa wale wanane, Nakutepa, mtu mrefu aliyeinama kidogo kiunoni. Binti yake Atija, wa miaka kama kumi hivi, aliniletea maji ya kunawa. Nilipomweleza kilichonirudisha, Nakutepa alicheka akaniita pembeni ya kinu.

"Sisi si ndugu wa tumbo moja, mwanangu. Sisi tumezaliwa mkongeni."

Akanieleza. Walikuwa vijana wanane, watatu wa pwani na watano wa bara, kila mmoja na kwao. Walivuka Ruvuma kwa nyakati mbalimbali wakaandikwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenye shamba la mkonge upande wa Lindi. Shambani mtu hakuwa na jina, alikuwa na namba. Kila kundi liliitwa kwa jina la msimamizi wake, na wao wakaangukia kwa mzungu aitwaye Keli.

"Mwingereza?" nikauliza.

"Thubutu! Ukimwita Mwingereza, siku hiyo huli kwa raha. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Ailendi. Alituambia kwao Keli wamejaa kila kijiji. Alikuwa na hasira yule, lakini mgonjwa hakumfukuza."

Basi kila alfajiri nyapara alipaza sauti, "Watu wa Keli!" na wanane hao wakatoka pamoja. Posho ikitoka, watu wa Keli. Mtu akiugua, watu wa Keli ndio waliomkanda. Siku moja toroli la mkonge lilimvunja Bakari mguu, na mkataba ukaisha kabla hajapona. Nakutepa alimbeba mgongoni, leo kipande, kesho kipande, mpaka mtoni. Walipovuka wote wakaapiana kwamba atakayekufa wenzake watamzika, na atakayeacha mtoto, mtoto huyo ni wao.

"Sasa serikali inataka jina lisilobadilika," akamaliza Nakutepa. "Sisi tunalo moja tu la namna hiyo."

Nilimuuliza kila mmoja baba yake nani, mama yake nani, katokea wapi. Kazi niliyoifanya kwa robo saa ikanichukua siku mbili, na mpaka leo naweza kuwataja wote wanane na baba zao. Niliporudi, konservadori alisikiliza hadithi niliyokatazwa kurudi nayo, akafuta miwani.

"Weka baba wa kweli mahali pa baba," akasema, "na Keli mahali pa apelido. Makosa yako usiyafute. Andika sahihisho pembeni, uweke saini yako, waje waone kwamba ulikosea na ukarudi."

Nilifanya kazi chini ya wakuu watano, Palma, Mosimboa na tena Palma, na kote nililikuta jina lile. Vijana wa Mbau walioa huko Namoto, na watoto wao wakavuka mpaka kwenda Mtwara na samaki wakavu. Mmoja akawa mwalimu Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, akaacha Keli wanne huko. Nilipoonywa na mkuu wa tatu, mtu wa kusini aliyependa kila kitu kiwe na maelezo, kwamba jina hilo si la nchi hii, nilimjibu kuwa limekwisha kuzaa humu. Aliniangalia, akatia saini.

Baadaye kazi za gesi zilipoanza, akaja ofisini fundi mmoja wa mitambo, mzungu mwekundu wa jua, kumtambua kuwa wake mtoto aliyemzaa na binti wa Palma. Nikamuuliza apelido. Akasema Keli, kwao Ailendi. Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia kwa Kireno, na mama wa mtoto akisaidia, kwamba ninao Keli zaidi ya mia kitabuni, na wa kwanza walilipata jina hilo kwa mtu wa kwao. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akasema jambo lililonikaa moyoni. Kwao nako Keli wote si damu moja. Koo kadhaa za zamani, kila moja pahali pake, zilijipatia jina lile kutoka kwa mababu tofauti waliofanana jina, na sasa hakuna awezaye kuzitenganisha.

"Basi mmefanya kama sisi," akasema.

Nikamjibu, "Au nyie mmefanya kama sisi." Tukamwandika mtoto.

Vita vilipotufikia, ofisi iliungua na vitabu vyake. Nililia. Watu walilia wafu wao, nami nililia wangu, kisha nikaona haya nikavililia na vile vitabu pia. Nilistaafu nikiwa ukimbizini, bila sherehe wala hotuba. Amani iliporudi kidogo nikarudi Palma kwenye nyumba yenye nusu ya bati, na nikamshukuru Mungu kwa ile nusu.

Sasa ni mwaka wa pili tangu anifuate Anlaué Keli, mjukuu wa yule Bakari aliyevunjika mguu. Anlaué anakaa Quitunda, kile kijiji cha nyumba za tofali walichojengewa waliohamishwa kupisha gesi. Alikuja na Atija. Yule binti wa Nakutepa aliyeninawisha maji alikuwa sasa bibi mwenye mvi, mjane, na watoto wake wawili vita viliwachukua. Alikuwa amekaa miaka kambini upande wa kusini, peke yake, karatasi zake zote zimeungua. Amepewa kibali cha kuja mara moja tu. Asipopata assento mpya, kibali kikiisha anarudishwa kambini.

"Mama," Anlaué akaniambia, "mjumbe mmoja kaniambia kwamba nyumbani kwangu ataandikwa ndugu wa damu tu. Na kitabu kimeungua. Shahidi aliyebaki ni wewe. Sema ni binti wa babu Bakari. Atakuwa shangazi yangu, na shangazi ndiye nimwitaye tangu nizaliwe."

Nilimtazama Atija. Alikuwa ametazama chini.

"Na wewe unasemaje, dada?"

"Nimechoka kulala na watu nisiowajua," akajibu. "Semeni mtakavyosema."

Nilikosa raha siku ile nzima. Miaka yote ya kazi niliandika maneno ya mashahidi, lakini mwenye kuandika haruhusiwi kuwa shahidi wa anachokiandika, na hivyo sikuwahi kuwa shahidi hata mara moja. Sasa nimestaafu, mlango umefunguka, na neno la kwanza ninalotakiwa kusema ni la uongo. Na uongo wenyewe ni wa huruma! Nani angeumia? Hakuna karatasi ya kunisuta. Nilikwenda ofisini nikiwa sijaamua, nasema kweli.

Konservadora wa sasa ni binti wa Kimakonde, mpole, anaandika bila kutazama vidole. Alisimama kunipokea nilipoingia.

"Karibu, mama Muajuma. Unamjua huyu?"

"Namjua. Nilimsajili mimi Mbau, akiwa mtoto."

"Baba yake nani?"

Anlaué alinikazia macho. Nami nikamwona mtu mrefu aliyeinama kiunoni, amembeba mwenzake kipande kwa kipande. Nilielewa kwamba nikitaja Bakari, mtu huyo hatakuwa na mtoto kitabuni, wala hatakuwa popote, maana kitabu alichokuwamo kimeungua.

"Baba yake ni Nakutepa Keli," nikasema. "Bakari, babu wa kijana huyu, hakuwa ndugu wa Nakutepa. Walikuwa pamoja mkongeni."

Anlaué akafunika uso kwa mikono. Konservadora akageuka kwake.

"Kwa hiyo huyu bibi si damu yako?"

Aliyejibu ni Atija.

"Baba yangu alimbeba babu yake toka Lindi mpaka mtoni. Hiyo karatasi yenu ina mahali pa kuandika hilo?"

"Haina, bibi," akasema konservadora taratibu. Kisha akamuuliza Anlaué, "Unataka akae kwako?"

"Ndicho nilichokuja kuomba. Nilidhani lazima nidanganye ndipo nipewe."

"Nani kakwambia? Mwenye nyumba ndiye anayetaja anaoishi nao. Damu naiuliza hapa tu, mahali pa baba na mama, basi. Mahali pa makazi nitaandika Quitunda, nyumba ya Anlaué Keli." Vidole vikaendelea. "Ninyi wawili ni mashahidi. Njooni mtie saini."

Saini yangu ilitoka mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika. Sikujali.

Nawashukuru wakuu wangu, hasa yule wa kwanza aliyenirudisha Mbau kwa miguu. Nashukuru kwamba nilipewa kazi ya kuwasikiliza watu wakitaja wazazi wao, maana mtu akimtaja baba yake hulainika sauti, hata awe mkorofi namna gani. Kwa nyinyi mnaoishika kazi hii sasa, sina siri ya kuwapa. Ulizeni kila mmoja, hata mstari ukifika barabarani.

Tulipotoka nje siku ile, Atija alikuwa ameishika karatasi kwa mikono miwili. Hakujua kusoma. Akaniuliza pale pa baba pameandikwa nini.

"Nakutepa Keli," nikamwambia.

Alisimama. "Tangu mama yangu afe sijasikia mtu akilitaja jina hilo," akasema. "Nilikubali mliache, kwa ajili ya pa kulala. Mungu anisamehe." Machozi yakamshuka, akanisogezea karatasi.

"Nisomee tena."

Nikamsomea tena, na Anlaué akasogea asikie.