Kumwona Jirani wa Mama, Muthara

Kwa muda mrefu mama yangu alikataa kwenda Muthara. Kila nilipofika Karurumo mwisho wa wiki, nikitoka mjini Embu ambako nina duka la dawa za mifugo, nilimwuliza kama twende kumwona jirani yake, na kila mara alikuwa na sababu. Ng'ombe alikuwa karibu kuzaa. Kahawa ilikuwa inaiva na wachumaji hawakuonekana. Goti lilikuwa linamsumbua. Mimi nilijua ni woga.

Huyo jirani hakuwa jirani tena kwa miaka mingi, ila mama hakuwa na jina lingine la kumwita. Nilipokuwa mdogo tuliishi Kaaga, mjini Meru, katika nyumba za wafanyakazi wa shule ambako baba alifundisha useremala. Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa ya mpishi wa shule, na mke wa mpishi ndiye Jirani. Katikati kulikuwa na ua wa michongoma uliotoboka mahali pamoja, na tundu hilo halikuzibwa kamwe kwa sababu mama na yeye walipita hapo kutwa nzima. Mama alikuwa ameolewa karibuni, akaletwa Meru kutoka Embu bila kumjua mtu. Kiembu na Kimeru vinakaribiana kiasi cha kukudanganya kwamba umeelewa. Jirani ndiye aliyemfundisha kusema vizuri, huku akimcheka mpaka anajishika mbavu. Watoto wao na sisi tulikula popote tulipokuta sufuria iko mekoni.

Baba alipostaafu tulirudi Karurumo. Mpishi naye akahamia kwao Muthara, upande wa Tigania, ambako alikuwa na shamba. Waume wote wawili walishafariki. Wake zao walibaki na simu. Kila Jumapili baada ya kanisa mama aliweka kiti chini ya kichanja cha mkarakara, mahali pekee ambapo mtandao haukatiki, na walizungumza mpaka chai ikapoa.

Halafu Jirani akapata kiharusi. Alilazwa hospitalini, akatoka amepooza mkono wa kulia, anaburuta mguu, na maneno yameondoka. Lilibaki neno moja tu, "ii", ambalo ni ndiyo kwa Kimeru. Alilitumia kwa kila kitu, hata kukataa. Mama alimpigia akasikia pumzi, na hilo neno, tena na tena, kama mtu anayegonga mlango. Alikata simu akaingia ndani. Hakumpigia tena.

Aliyemsukuma hatimaye hakuwa mimi. Alikuwa binti ya Jirani, rafiki yangu wa utotoni, ambaye aliacha kazi ya ushonaji Maua ili amtunze mama yake. Alinipigia siku moja dukani.

"Sikukupigia nikulaumu," akasema. "Nataka tu ujue. Kila Jumapili mchana mama anachukua simu anaiweka kwa mapaja. Nikijaribu kuitoa anakasirika."

Nilimweleza mama maneno hayo vile vile. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua kwa muda, kisha akasema kwa Kiembu, bila kuniangalia, "Sasa nikifika nitamwambia nini? Nitaketi nimtazame kama picha?"

"Sijui, mama."

"Tutaenda Jumamosi ijayo," akasema. "Uangalie magurudumu ya hilo gari lako."

Jumamosi hiyo alinisubiri barabarani akiwa na mkungu wa ndizi za kupika, gunia dogo la makadamia, maparachichi yaliyofungwa kwa leso, na kofia yake ya sufu ya kwenda kanisani. Tukaondoka. Kwa kawaida mama akiwa safarini hutaja kila shamba: huyu amepanda vizuri, huyu ameachia magugu. Siku hiyo alinyamaza. Tuliteremka mpaka mto Thuchi, tukapanda, tukapita Chuka, tukaingia na kutoka katika yale mabonde ya Nithi, na yeye alikuwa ameshika tu mkoba wake kwa mikono miwili. Tulipofika Nkubu nikanunua chai. Hakuinywa.

Meru mjini akasema, "Kata kushoto, tupitie Kaaga kwanza." Nilielewa kwamba alitaka kuchelewa kidogo kufika, nami sikumkatalia.

Nyumba yetu bado ipo. Imepakwa rangi ya krimu na ina mlango wa chuma. Ule ua wa michongoma uling'olewa, pakajengwa ukuta wa mawe unaomzidi mtu urefu. Mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni alitufungulia. Mumewe ni mwalimu pale. Mama alipojieleza, yule mwanamke akafurahi, akatuingiza mpaka jikoni, akatuonyesha ile sinki ya saruji aliyoimimina baba, ambayo bado inavuja pale pale ilipovuja zamani.

Mama aliuangalia ukuta kupitia dirishani. "Na upande ule anakaa nani?"

"Simjui vizuri, mama. Anatoka asubuhi, anarudi jioni. Ni mtu mpole tu."

"Humjui?"

"Tunasalimiana kwa gate."

 Mama alimwachia parachichi kadhaa. Nusu, akamwambia, ni za huyo wa upande wa pili, na azipeleke mwenyewe. Yule mwanamke akacheka, akaahidi. Tulipokuwa tunatoka nilimwona amesimama mlangoni na maparachichi mikononi, kama anajiuliza aanzie wapi.

Kutoka Meru tulifuata barabara ya Maua, tukapita Kianjai. Baada ya hapo miraa ikaanza kuonekana kila upande, miti mizee yenye vigogo vilivyokunjamana. Muthara tulifika jua likiwa kali. Binti alikuja getini akikimbia na kandambili, akatukumbatia wote kwa pamoja. Amekonda. Nywele za mbele zimeingia mvi, na tuna umri mmoja.

Jirani alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha mbao chenye mito, sweta ya bluu imefungwa vifungo vyote. Nilimkumbuka akiwa mwanamke mnene mwenye sauti iliyosikika mpaka bwenini kwa wanafunzi. Aliyekuwa mbele yetu alikuwa mdogo kama msichana. Alipomwona mama, uso wake wote ulisogea upande mmoja.

"Ii," akasema. "Ii, ii, ii."

"Muga, Jirani," mama akamsalimu kwa Kimeru, kwa sauti kubwa. Kubwa mno. "HUJAMBO? UMEPONA? UNANIONA?"

"Anasikia sawasawa, mama," binti akamwambia taratibu. "Masikio hayana shida. Na akili iko. Ni kutoa maneno tu ndiyo haiwezekani."

Mama akaona aibu. Aliketi, akaanza kuuliza maswali, moja juu ya lingine. Unakula? Unalala vizuri? Mguu unauma? Kwa kila swali alipata jibu lile lile. Kisha Jirani akajaribu kusema jambo. Aliinua mkono wa kushoto akamwelekezea mama, sijui kichwa, sijui nyuma yake. Tulikisia. Kofia? Maji? Jua linamchoma, tumsogeze? Anataka choo? "Ii, ii," akasema kwa yote, na kwa kila kisio macho yalizidi kukata tamaa, mpaka akapiga mkono wa kiti kwa kiganja na kugeuza uso ukutani. Mpaka leo hatujui alitaka kusema nini.

Mama aliinuka akasema anaenda kuangalia migomba. Nilimfuata nyuma ya jikoni nikamkuta amesimama, kofia mkononi, machozi yanamtoka bila sauti.

"Unaona?" akaniambia. "Nilikwambia. Nimekuja kumtesa."

 Nilitaka kumwambia kuketi tu kunatosha, lakini nilikuwa nimeshuhudia kwamba hakutoshi. Nilimpa leso. Tukasimama hapo mpaka binti akatuita chakula.

Baada ya kula, binti alileta karai la njahi, zile kunde nyeusi, zilizokauka kwenye maganda yake, za kupika kesho. Mama hawezi kuona kazi imekaa. Alivuta kigoda akaketi karibu na magoti ya Jirani, akaweka karai kati yao, akaanza kubambua. Muda si muda mkono wa kushoto wa Jirani ukashuka ukachukua ganda. Haukuweza kulipasua.  Mama alichukua ganda lile, akalifungua kwa kidole, akalishika wazi. Jirani akazisukuma njahi kwa dole gumba zikaanguka. Wakaendelea hivyo, mmoja anapasua, mwingine anasukuma. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mama hakuwa anauliza chochote.

Akiwa na kazi mikononi mama huimba. Hajui kama anaimba. Alianza kwa kuvuma, kisha maneno yakaja, wimbo wa zamani wa Kimeru ambao akina mama wa kanisa la Kaaga waliuimba kila mtu alipozaa au alipofiwa. Jirani ndiye aliyekuwa mwanzishaji. Mama alikuwa wa kufuata nyuma na kukosea, kwa sababu miaka yote hiyo hakuwahi kuzishika beti kwa mpangilio. Na hapo barazani, baada ya ubeti wa kwanza, akarukia wa tatu.

Jirani akaacha njahi. Akaimba ubeti wa pili.

Aliuimba na maneno yake. Sauti ilikuwa nyembamba, na maneno mengine yalikuwa na kingo butu, lakini yalikuwa maneno, moja baada ya lingine, mpaka mwisho wa mstari, na mstari uliofuata. Alikuwa anamtazama mama kwa ule uso wa zamani wa kumsahihisha. Mama aliganda, ganda la njahi likiwa wazi mkononi, kisha akaikamata sauti yake ya pili akamfuata. Mimi sikuthubutu kusogea. Binti alikuwa ametokea mlangoni na mwiko, na kamasi na machozi vilikuwa vinamshuka pamoja, hakujifuta.

Wimbo uliisha.

"Jirani!" mama akasema. "Unaweza! Sema tena. Sema jina langu."

"Ii," Jirani akajibu. Uso wake ukashangaa, kama mtu aliyefika kwenye ngazi akakuta imeondolewa. Kisha akacheka. Alicheka vile vile nilivyomkumbuka, mabega yakitikisika, na mama akacheka, na njahi zikamwagika sakafuni kuku wakaja mbio.

Jioni hiyo waliimba kila walichokuwa nacho. Wakati mama anamsaidia Jirani kuoga, nilikaa jikoni na binti. Alikuwa anakoroga uji kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Daktari Meru aliniambia," akasema. "Aliniambia nijaribu nyimbo. Nikaona ni mambo ya kutuliza mtu tu. Halafu mimi siimbi, unanijua. Tangu darasani mwalimu aliniambia nifungue tu mdomo." Akaongeza maji kidogo. "Kila siku nimemwongelesha. Nimeongea mpaka nikachoka, na kumbe maneno yalikuwa kwenye mlango wa pili, wa nyimbo."

"Wewe ndiye umemweka hai," nikamwambia.

"Najua." Akaipua sufuria. "Lakini inauma kidogo. Acha iume kidogo, itapita."

Jumapili tuliondoka baada ya kula njahi. Hakukuwa na kilio kikubwa. Mama alimvisha Jirani kofia yake mwenyewe ya sufu, akaivuta ifunike masikio, akasema atarudi mwezi usiokuwa na mvua. Jirani akasema "ii", na safari hii hatukuhitaji kukisia. Njiani mama alianza kutaja mashamba kabla hatujafika Meru.

Tangu hapo nimeendesha barabara hiyo mara nyingi. Kwa simu haifai. Tulijaribu, na Jirani hukwama asipouona mdomo wa mwenzake. Ni lazima waketi magoti kwa magoti. Maneno mengine machache yamerudi. Anasema "maji" na "kuja hapa", akiyavuta kidogo kama wimbo. Binti amejifunza kuimba naye, vibaya, na anasema mama yake humkodolea macho sehemu zile zile ambazo mwalimu alimkodolea.

Sasa mipango ni kwamba Jirani aje Karurumo kukaa muda, ili binti arudi Maua ashone kabla wateja wake hawajamsahau. Daktari amekubali. Mama amehamisha magunia ya kahawa kutoka chumba cha mbele, na juzi fundi alikuja kupigilia mti wa kushikilia kando ya kitanda na mwingine chooni. Nilimkuta mama ameketi kitandani, mkono wa kulia ameufunga kwa leso usisogee, akiushika mti ule na kujivuta kusimama kwa wa kushoto peke yake.

"Uko juu mno," akamwambia fundi. "Yeye ni mfupi. Ushushe."