Upande wa Pili wa Mabomba

Pale kiwandani, mtu akitaja povu, ujue anamtaja Abdulatifu. Wengine walimwita Fundi Povu mbele yake, naye alijifanya kuchukia huku roho yake ikifurahi. Usimcheke. Mtu aliyeanza maisha kwa kuziba masufuria barazani, mtaa wa Gongoni, kisha leo meneja hawezi kuwasha mtambo bila kumuuliza, ana haki ya kufurahi kidogo.

Kiwanda chenyewe kiko nje ya Tabora, njia ya kwenda Kigwa, mahali honi ya treni inaposikika. Kinakamua mafuta ya mbegu za pamba. Maganda yanayobaki huchomwa kwenye boila, na mvuke wake huzungusha mashine ya kufulia umeme. Mvuke ukishamaliza kazi huingia kwenye kondensa, yaani pipa kubwa la chuma lililolala ubavu, ndani yake limejaa mabomba membamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndani ya mabomba hayo hupita maji ya bwawa, yenye tope na chumvi. Nje yake mvuke unapoa, unageuka maji safi, na maji safi yanarudi boila. Bomba moja likitoboka, hata tundu la ncha ya sindano, maji ya bwawa yanaingia mle yasimotakiwa, na hapo balaa huwa limeanza.

Kulipata bomba bovu kati ya mamia ya wenzake ndiyo iliyokuwa sifa ya Abdulatifu. Mvuke unapogeuka maji, ndani ya lile pipa hubaki utupu unaonyonya kila kilicho karibu. Basi yeye hufunga maji ya nusu moja ya kondensa, mashine ikienda taratibu na nusu nyingine. Hufungua mlango wa mbele, akaingia na makopo ya povu la kunyolea ndevu, akaipaka midomo yote ya mabomba mpaka pawe peupe. Kisha hukaa akatazama. Kwenye mabomba mazima povu hutulia. Kwenye lililotoboka, povu hubonyea, likaingia ndani polepole kama linamezwa, na mdomo wa bomba ukabaki wazi ukimtazama.

"Leo mabomba yanakwenda harusini," Ngollo alikuwa akisema kila alipoyaona makopo yale. "Yanyoe vizuri, mtumwa wangu, usiyakate mashavu."

Huyu Ngollo alikuwa Msukuma wa Choma, kule Igunga, na ndiye aliyekuwa mwenzake wa kazi. Abdulatifu ni mtu wa Tabora tangu enzi, lakini babu wa babu yake alikuwa Mzaramo aliyekuja na msafara, akaugua miguu, akaoa, akabaki. Kwa hiyo hao wawili ni watani, na utani wao ulikuwa umetoka mbali, njia ile ile ya misafara. Ngollo akimwona tu: "Watu wenu walikuja kuchukua mzigo, wakageuka mzigo wenyewe." Abdulatifu naye: "Aliyebeba huo mzigo ni babu yako, kichwani, na hakuuliza unakwenda wapi." Siku ilikuwa haijaanza mpaka watukanane.

Alipozikwa baba yake Abdulatifu, ni Ngollo aliyeruka kaburini akalala chali, akiapa hatoki mpaka aletewe jogoo. Waliokuwa wakilia walicheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Abdulatifu mwenyewe alicheka, na siku ile ndipo alipojua kwamba ataweza kuendelea kuishi bila baba.

Sasa, lile bomba.

Ilikuwa msimu wa pamba, malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Maji ya boila yakaonekana yameanza kuchafuka. Abdulatifu akaingia kondensani, akapaka povu, akaliona bomba bovu. Bomba bovu huzibwa mbele na nyuma, na hapa ndipo kazi ilipo. Ukizunguka ukasimama upande wa pili, kulia kwako kumekuwa kushoto. Safu uliyoihesabu kutoka ukuta wa kushoto kwako sasa unapaswa kuihesabu kutoka ukuta wa kulia. Abdulatifu aliwafundisha hivyo watu wote pale, tena kwa makelele. Ili asikosee mtu, walikuwa na kawaida yao: kabla ya kizibo cha kwanza, mmoja hubaki mbele na tochi, akamulika ndani ya bomba, na mwenzake aliye nyuma akaliona linawaka.

"Ngoja nimulike kabla hujaziba," alisema Ngollo, ameshika tochi.

"Ya nini? Mimi haya mabomba nayajua kwa mkono."

"Hata mkono una kulia na kushoto, Mzaramo."

"Niondolee tochi yako. Nenda kamulikie ng'ombe."

Wakacheka. Abdulatifu akaziba mbele, akazunguka nyuma, akahesabu, akaziba. Alihesabu tena kutoka kushoto kwake, kama alivyohesabu mbele. Aliziba bomba zima, na lile bovu likabaki wazi kwa nyuma likinywa maji ya bwawa.

Maji ya boila hayakusafika. Ngollo akasema labda warudi kuangalia. Abdulatifu akasema huo ni uchafu wa zamani unaojisafisha wenyewe, wawe na subira. Akalisema hilo kwa meneja pia, na meneja akamwamini, maana nani angebishana na Fundi Povu juu ya povu? Wakasubiri. Chumvi ikaganda kwenye mabomba ya boila mpaka moja likapasuka kwa kishindo kilichowatoa watu mbio mpaka kwenye malori. Kwa bahati hakuumia mtu. Lakini kiwanda kilisimama, katikati ya msimu, na vibarua wakarudishwa makwao.

Kabla boila haijapasuka Abdulatifu alikuwa ameshaanza kulala vibaya. Baada ya kupasuka, hakulala kabisa.

Walipotengeneza na kuwasha tena, meneja, Injinia Godbless, aliagiza povu lipakwe upande wa nyuma. Wenye kiwanda walikuwepo, wamevaa kofia mpya za kazi. Povu likapakwa. Halikuchukua muda, likabonyea, likamezwa, kando kabisa ya ukuta wa kulia. Na upande wa kushoto, mahali palipolingana napo, kizibo kilikuwa kimekaa vizuri kwenye bomba lisilo na kosa lolote.

"Nani aliziba hapa?" aliuliza Godbless.

Kimya. Kimya kile kilikuwa kizito, na Ngollo hakuwa mtu wa kuvumilia kimya kizito. Akafanya kile ambacho mtani hufanya kila mambo yanapombana mtani wake. Akajitupa katikati.

"Mimi hapa, bosi! Huyu Mzaramo hajui kuziba hata sufuria, mimi mtumwa wake ndiye namfanyia kila kitu."

Watu wakacheka. Godbless hakucheka. Akamgeukia Abdulatifu. "Mzee Abdulatifu, ni kweli?"

Pale ndipo pangetosha neno moja. Alilijua lile neno, lilikuwa limefika mdomoni. Akawaona wale wenye kofia mpya, akawaona vijana aliowafundisha kulia na kushoto, na badala ya neno lile likatoka jingine, kwa ile sauti ya kila siku ya utani:

"Msukuma gani ulimwona anajua kuhesabu kitu kisicho na mkia?"

Kicheko kikapanda mara mbili. Ngollo naye alicheka, kisha kicheko chake kikakatika, akamtazama Abdulatifu, akingoja kinachofuata. Ndiyo kawaida: ukishatania, unasema la kweli. Hakikufuata kitu. Abdulatifu aliinama, akaanza kukusanya makopo.

Ngollo akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo.

Hutaki kujua jinsi mtu anavyojitetea peke yake, lakini nitakwambia. Abdulatifu alijiambia kwamba Ngollo alijitaja mwenyewe, hakulazimishwa na mtu. Akajiambia kwamba Ngollo ana shamba na ng'ombe kwao, yeye ana nini? Akajiambia atakwenda kusema Jumatatu, na Jumatatu ikaja ikapita. Na kila alipomaliza kujiambia, aibu ilikuwa palepale, imekaa kifuani. Gongoni hadithi ilimtangulia. Kwenye kahawa walimpigia kelele: "Fundi! Msukuma wako kaziba bomba la jirani!" naye ilimbidi acheke nao. Msikitini aliacha kukaa safu ya mbele. Hakuna aliyemfukuza, miguu yenyewe ilikataa.

Mkewe Tatu aliona. "Baba Shamila, huli. Unaumwa?"

"Joto tu."

"Joto gani, na mvua yote hii?"

Kisha akafariki mama yake mkubwa Abdulatifu, bibi wa watu, aliyezeeka vizuri. Matanga yakajaa nyumba. Na Ngollo akaja. Abdulatifu alimwona akivua viatu mlangoni na moyo ukamruka kwa furaha ya kijinga: sasa atatukana, sasa ataruka kaburini, na mambo yatakuwa yamekwisha.

Ngollo aliingia taratibu, akawapa wakubwa shikamoo, akawapa wote pole. Akakaa mkekani pamoja na wageni wa mbali. Makaburini alichota udongo kwa zamu yake, akajifuta mikono, akarudi nyuma. Watu wakaanza kutazamana. Waliporudi nyumbani na chakula kikapakuliwa, Tatu hakuweza kujizuia.

"Shemeji Ngollo, mbona leo kimya? Marehemu alikuwa anakungoja wewe umchekeshe."

"Nisameheni, shemeji," alisema Ngollo, bila hasira yoyote. "Utani wangu niliuacha kiwandani."

Akala kidogo, akanawa, akaaga. Tatu akamtazama mumewe. Abdulatifu alikuwa ameshika tonge mkononi na hakulipeleka popote. Mke wa miaka mingi haambiwi. Alisema tu, kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie, "Kumbe ni wewe." Kisha akainuka akaenda jikoni, na kumwona akienda hivyo, bila hata kugomba, kulimchoma Abdulatifu kuliko yote yaliyotangulia.

Asubuhi yake alikwenda kwa Injinia Godbless, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Injinia, lile bomba niliziba mimi. Ngollo alitaka kumulika, nikamkatalia."

Godbless aliachia tabasamu. "Nyinyi wawili hamchoki kutaniana? Haya, mwambie nimeisikia, nitafikiria kumrudisha."

Ona alipofika. Uongo aliusema kwa mzaha ukaaminiwa, na sasa ukweli anausema kwa dhati unachukuliwa mzaha. Ingekuwa rahisi kushukuru na kuondoka. Ngollo angerudi na jina la Fundi Povu lingebaki safi. Abdulatifu aliuona mlango ule ukiwa wazi, na nakuapia alifikiria kuupita.

"Sitanii, Injinia," alisema. "Nilihesabu kutoka ukuta wa kushoto mbele, na nikahesabu kutoka kushoto nyuma. Ulipouliza nilicheka kwa sababu niliona aibu. Yeye alitania. Mimi nilidanganya."

Tabasamu la Godbless likaondoka taratibu. Akauliza, "Unajua watu wangapi walikaa nyumbani katikati ya msimu?" Abdulatifu alijua. Majina yao aliyajua, wengi walikuwa wa mitaa ya kwao.

Hakufukuzwa. Pengine angependelea kufukuzwa. Alivuliwa usimamizi wa kondensa, ukapewa Ngollo, na Abdulatifu akabaki fundi wa kushika makopo. Godbless aliyatangaza hayo mbele ya wote pamoja na sababu yake, na vijana wale aliowafundisha wakatazama viatu vyao. Abdulatifu aliona ni haki. Ngollo akarudi, akampa mkono, akasema, "Nashukuru kwa kusema." Abdulatifu alirudi nyumbani karibu mwepesi. Tatu alimwekea chakula, akala.

Bomba jingine lilitoboka kabla ya mvua kwisha. Wakafunga maji, wakafungua mlango, Abdulatifu akaingia na makopo yake akapaka povu mpaka pakawa peupe. Ngollo alisimama nyuma yake. Hakusema lolote juu ya harusi wala mashavu. Povu likabonyea mahali, likamezwa. Wakaenda kuufungua mlango wa nyuma, Ngollo akarudi mbele na tochi.

Akiwa upande wa pili, peke yake mbele ya mabomba yale, Abdulatifu alikohoa, akakusanya sauti yake ya zamani, akaita: "We Msukuma! Shika hiyo tochi vizuri, usidhani ni mkia wa ng'ombe!"

Akangoja. Alikuwa tayari kwa tusi lolote: la babu yake, la miguu ya babu yake, la utumwa. Alilitamani.

Bomba moja likawaka, na sauti ya Ngollo ikapita ndani yake, ya upole, kama mtu anayesema na mkubwa asiyemfahamu.

"Samahani, fundi. Sasa unaona vizuri?"

Abdulatifu alisema anaona. Akachukua kizibo, akaziba bomba lililokuwa likiwaka, na upande wake ukawa giza.