Screening: neno la Kizungu lililomkausha susu yangu, na siku jina letu lilipoitwa Mukuyuni

Wakuu, salamu kutoka Tawa.

Mimi huwa nasoma za wenzangu na kupita kimya kimya, lakini hii nikiendelea kukaa nayo itanichoma. Yote nitakayosema yamenipata mwenyewe, kwa mwili huu huu. Anayetaka kucheka acheke, bora asome mpaka mwisho.

Ni habari ya neno moja tu la Kizungu. Screening.

Najua mmelisikia mpaka mmechoka. Redioni, kanisani, kwa mabango. Hata mimi nilikuwa nalisikia hivyo hivyo, linaingia huku linatokea kule.

Kwanza mnijue. Niko na duka la vifaa vya ujenzi hapa Tawa: simiti, misumari, mabati, na nyuma kuna mchanga na kokoto. Naishi na susu yangu, yaani nyanya, mama ya baba. Tulimtoa Tseikuru wakati ukame ulimaliza mbuzi zake karibu zote, na akaja akilia kama ameacha watoto. Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, kwa hivyo yeye ni Mumbua na mimi ni Mumbua. Ako themanini na kitu na bado ananigombeza nikipika ugali laini.

Sasa, siku moja naoga. Mkono ukapita kwa titi la kushoto ukagonga kitu. Kidogo hivi, kama punje ya mbaazi, na ngumu.

Wueh.

Niliacha maji yakimwagika. Nikagusa tena. Nikajiambia ni baridi, ni brazia ilinikaza, ni nini sijui. Nikagusa tena, na kilikuwa bado kiko hapo.

Lazima niwaambie kwa nini niliogopa hivyo. Mama yangu alichukuliwa na ugonjwa wa titi nikiwa shule ya upili. Aliondoka nyumbani kwenda hospitali amejifunga leso ya maua, akatuambia tusimalize uji wote, akirudi atakunywa. Hakurudi akiwa hai. Susu ndiye alitulea baada ya hapo.

Kwa hivyo sikumwambia mtu. Mzee wangu, yaani mume wangu, ni dereva wa lori, alikuwa barabarani huko Mombasa, na kwa simu nilikuwa namuuliza tu kama amekula. Mchana nauza misumari nikicheka na wateja, na kila nikipata nafasi najificha nyuma ya mabati najigusa. Sikuwa nalala vizuri, nywele zilianza kutoka nikichana, na chakula nikawa nasukuma tu kwa sahani.

Halafu Jumapili moja mama mchungaji akatangaza kwamba madaktari watakuja Mukuyuni, kwa kiwanja cha kanisa, kufanyia akina mama screening ya matiti. Bure. Mimi nikaangalia chini. Nilihisi kanisa lote linajua.

Jioni hiyo nikajikaza. Susu alikuwa ameketi nje anachambua ndengu kwa ungo. Nikakaa karibu naye, nikamwambia Alhamisi sitafungua duka, naenda screening Mukuyuni.

Mikono yake ikasimama.

"Sikirini?" akasema.

Jamani, nywele zilinisimama. Susu hajui Kizungu. Hajawahi kukaa darasani. Anaongea Kikamba, nami hapa nawatafsiria. Lakini hilo neno alilitamka kama mtu anayetaja jina la adui wake.

"Susu, unalijua hilo neno?"

"Nalijua kuliko wewe. Usiende."

Na msifikirie ati hakuelewa. Alielewa vizuri kabisa kwamba naongea juu ya hospitali. Aliniangalia kifua, akauliza, "Ni kama ya mama yako?" Machozi yakanitoka tu. Akaweka ungo chini.

Ndiyo akanieleza kitu ambacho baba yangu mwenyewe hajawahi kusikia.

Wakati wa mkoloni, baba yake alikuwa kibarua Nairobi. Susu alikuwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka, na mama yake alikuwa amempeleka kumwona baba. Asubuhi moja askari waliokuwa wanatafuta wapiganaji wa msituni wakazunguka zile nyumba za wafanyakazi, wakatoa watu wote nje, wakawakalisha chini kwa mistari. Neno likapita kwa mistari, kila mtu ananong'onea jirani: sikirini, sikirini.

Mbele kulikuwa na mtu amefunikwa gunia kutoka kichwani mpaka kiunoni. Gunia lilikuwa na matobo mawili, na ndani ya matobo ni macho. Unaitwa jina, unasimama mbele yake. Akitikisa kichwa hivi, unarudi kuketi. Akiinamisha kichwa, unapitishwa upande ule mwingine, nyuma ya ukuta, na waliobaki hawakuoni tena.

"Baba aliitwa," susu akasema. "Akasimama peke yake. Mama akaniinamisha shingo, akaniambia angalia chini. Sisi wote tukaangalia chini. Gunia likainama."

Hakuonekana tena. Hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna kitu. Mama yake alirudi Kitui na mtoto mmoja na sufuria.

Akachukua ungo tena, lakini hakuchambua kitu, alikuwa anashika tu. "Wewe ukiitwa utaenda, na mama yako aliitwa akaenda. Mimi nimechoka kungoja watu."

Wakuu, niliingia ndani nikiwa nimekauka. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa kitu kidogo kama mbaazi. Sasa nikawa naogopa na neno lenyewe.

Kidogo nitoke nje ya stori. Mimi nikiogopa huwa nasoma, ni ugonjwa mwingine huo. Nikaingia kwa simu kutafuta hilo neno lilitoka wapi. Kumbe screen, zamani sana huko kwao, ilikuwa ni kitu cha kuweka katikati ya mtu na moto, ukiota usiungue. Hivyo tu. Baadaye wakaita hivyo hivyo chekeche ya kuchekechea makaa ya mawe. Hapo nikacheka kidogo, kwa sababu chekeche ya mchanga iko hapo nyuma ya duka langu na fundi mmoja wa zamani huiita screen, nami nilikuwa nadhani anajigamba. Halafu wakatoka kwa makaa wakaanza kuchekecha watu: huyu apite, huyu abaki. Ndipo likafika kwa madaktari, na sasa kila mtoto amebeba screen ya simu mfukoni.

Nikampigia rafiki yangu Mwanaisha, anauza nguo Kitui mjini, watu wake walitoka pwani zamani. Nikamuuliza akisikia screening anafikiria nini. Akasema, "Walahi, kitambulisho." Ndugu yake alipotaka kitambulisho aliketishwa mbele ya wazee wa kamati, akaulizwa babu yake alizikwa wapi, kijana amezaliwa hapo hapo Kitui. "Alirudi nyumbani shati imelowa jasho," akaniambia.

Basi. Nikazima simu. Hilo neno kila mahali lilipopita lilikuwa linachagua watu.

Alhamisi nikaamka nikiwa nimeamua siendi. Kutoka nje, nampata susu amevaa, amefunga kitambaa cha kanisa, fimbo mkononi.

"Susu, si ulinikataza?"

"Nilikukataza. Twende."

Ni hivyo tu alivyosema, akatangulia.

Mukuyuni tulipata akina mama wengi wamejaa kwa benchi, na mbele kuna hema jeupe lenye pazia. Nikaandikisha jina, tukaketi. Na hapa wakuu mnisikilize vizuri. Walikuwa wamepanga hivi: unaitwa jina kwa sauti, unaingia kwa pazia la mbele. Lakini ukimaliza, hutokei hapo. Unatokea nyuma, upande ule mwingine. Sisi wa benchi tulikuwa tunaona wanawake wakiingia tu. Hakuna anayerudi.

Nikamwangalia susu. Alikuwa ameona kabla yangu.

Halafu pazia likafunguka, nesi akatoka kuita mwingine. Amevaa kofia ya hospitali mpaka kwa nyusi, na maski mpaka chini ya macho. Kilichobaki ni macho mawili.

Susu alinishika mkono, kucha zikaingia. Nilisikia akisema, pole pole, "Aiya. Aiya. Aiya."

Nikasema hapana. Hapana, kama ni kufa nitafia kwangu kwa simiti zangu. Nikainua mkoba. Nilikuwa natafuta vile nitampitisha susu katikati ya watu, na ndipo nesi akaita:

"Mumbua!"

Niliganda. Mama mmoja akasema "ni nani Mumbua, si aende," na watu wakaanza kugeuka. Na mimi, mwanamke mzima, mwenye duka, nikafanya nini? Nikaangalia chini.

Fimbo ikagonga chini kando yangu.

"Ni mimi," susu akasema, kwa Kiswahili.

Akainuka. Yule mwanamke ambaye hilo neno lilikula baba yake alisimama peke yake mbele ya watu wote, akaanza kutembea kuelekea yale macho mawili. Hakuangalia nyuma. Watu walimpisha.

Sijui nilifikaje. Nilijikuta nimemshika kiuno tumeingia kwa pazia pamoja, mimi nalia kama mtoto.

Ndani susu alisimama wima akamwambia nesi, "Toa hiyo kitu nikuone uso."

Nesi akashangaa, lakini akatoa maski. Kumbe ni msichana mdogo tu, ana mwanya, ana jasho juu ya mdomo. "Shikamoo susu," akasema.

"Mkimaliza na huyu anaenda wapi?"

Nesi hakucheka. Alimshika mkono, akafungua pazia la nyuma, akamwonyesha. Wanawake walikuwa wameketi chini ya mti wanakunywa chai, mmoja anavaa viatu. Susu akawaangalia mmoja mmoja. Nadhani alikuwa anahesabu wote wako. Kisha akaketi kwa kiti, akasema, "Mwangalie."

Nesi akaniangalia. Mkono wake ulipofika pale ukasimama, na nikajua. Aliniambia niende hospitali kubwa wakatoe kipande wapime. Akasema usiogope, na kwa vile alisema usiogope nikaogopa mara mbili.

Siku za kungoja majibu sitaki hata kuzikumbuka. Mzee wangu alirudi na lori nikamwambia yote, akakaa kwa ngazi ya duka bila kuvua kofia mpaka giza.

Siku ya majibu daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Nikamuuliza, "Ni ile ya mama yangu?"

Akainamisha kichwa.

Wakuu, nilihisi chumba chote kimeenda. Nilikuwa naona gunia. Na kando yangu nikasikia tena ile fimbo. Susu alikuwa amesimama.

"Mnampeleka wapi?" akauliza. "Mimi naenda na yeye."

Daktari akamwambia kwa upole kwamba nitapasuliwa, nitaanza dawa, na nitarudi nyumbani. Kwamba kimepatikana kikiwa bado kidogo. Kwamba, kwa vile nilivyomweleza, mama yangu alikuja kikiwa kimekula kila kitu, na mimi nimekuja mapema. Susu akamwambia arudie hapo kwa kurudi nyumbani. Akarudia.

Nimepasuliwa. Naandika hii kwa mkono mmoja kwa sababu wa kushoto bado mzito, na dawa zinanitapisha kama mjamzito. Bado naogopa, nisiwadanganye. Kila nikienda kupimwa naogopa upya. Lakini niko, na juzi nimemgombeza mtu amerudisha mabati yaliyopinda.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukihisi kitu kwa mwili, nenda mapema, hata kama unatetemeka. Na kama mzee wako anaogopa neno fulani, usimcheke ati hajasoma. Muulize lilimfanya nini. Na mtu wako akiitwa, usimwache asimame peke yake.

Semeni na nyinyi. Kwenu ni neno gani likitajwa wazee wananyamaza?

Wiki hii nilikuwa kliniki tena. Manesi wa huko wametuzoea sasa, hawaulizi tena ni nani mgonjwa. Wakiita Mumbua, tunainuka wawili.