Siku Baba Alipoona Maji Yakirudi

Baba yangu alikuwa akivusha watu mto Nzoia kwa mtumbwi aliouchonga mwenyewe. Wenye magunia ya mahindi, wenye kuku, waumini wa ng'ambo siku ya Jumapili, wote aliwavusha yeye. Maji aliyajua kuliko alivyotujua sisi watoto wake.

Nilipoajiriwa kuwa karani katika stesheni ya reli ya Bungoma, nilifanya kazi na kijana mmoja wa pwani. Aliniambia kwamba kwao kuna mto unaoingia baharini kupitia mwanya wa miamba. Bahari ikipwa, maji huporomoka kwa kishindo kwenda baharini; bahari ikijaa, hugeuka na kuporomoka kurudi bara. Nikampelekea Baba habari hiyo.

"Ati yanaludi?" Baba akikasirika au akisisimka, r zote humpotea.

"Yanarudi, Baba."

"Huyo mwenzako amelewa. Maji ni kitu ya kwenda tu, bana!"

Kwa wiki nzima hakuzungumza jambo lingine. Likizo yangu ilipofika, reli ilinipa kibali cha kusafiri na mtu mmoja wa familia, nami nilimkusudia Mama. Mama akatikisa kichwa. "Mpeleke huyo," akasema, "akaone kwa macho yake, nasi tupate kulala."

Basi tukapanda treni, daraja la tatu, na kikapu cha kuku wa kukaanga. Njia nzima Baba aliwauliza abiria kama wamewahi kuona mto ukirudi nyuma. Hakuna aliyewahi, naye alifurahi mno.

Pwani tulipokewa na mjomba wa mwenzangu, ambaye naye, kumbe, alikuwa mvushaji. Asubuhi alitupeleka kwenye miamba. Kelele tulizisikia kabla ya kuona chochote. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yakibingirika kwenda baharini, yakitoa povu na kuzunguka kama yanayopikwa.

"Yanakwenda," Baba akasema kwa ushindi.

"Subiri, mzee wangu," akajibu mjomba.

Tukakaa juu ya jiwe, tukala mihogo. Jua lilipopanda, kishindo kikapungua. Povu likaisha. Mwishowe maji yakatulia kabisa, yakawa kama ya bakuli. Baba akasimama. Akatupa ganda la muhogo majini, nalo likakaa palepale, halijui liende wapi. Kisha, polepole, likaanza kusogea kuelekea bara.

Baba akaruka kutoka juu ya jiwe. Alilifuata ganda lile ukingoni, kwanza kwa kutembea, halafu kwa kukimbia, kanzu yake ya kanisani ameikunja hadi magotini. "Linaludi!" akapiga kelele. "Mwanangu, linaludi!" Wanawake waliokuwa wakiokota chaza wakacheka hata wakaketi chini.

Mjomba akatuambia tuingie chomboni mwake upesi, kwa kuwa nafasi ya kuvuka ilikuwa fupi kabla maji hayajashika kasi tena. Baba akamwomba upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Mjomba akamtazama mikono, ile iliyojaa sugu, akampa bila kuuliza. Mwanzoni tulizunguka mara mbili kama kuku aliyekatwa kichwa, maana Baba alikuwa akipigana na mto wa asubuhi, na ule ulikuwa umekwisha ondoka. Nilishika ubao kwa nguvu. Kisha nikamwona akiinamisha kichwa, akisikiliza. Akaacha kusukuma. Akakiacha chombo chetu kisogee kidogo, akachoma upondo mara moja, na tukaenda ng'ambo tumenyooka.

"Nani alikufundisha?" mjomba akauliza.

"Mto wangu," akasema Baba, "lakini haukunifundisha yote."

Walishikana mikono, wakacheka kama watu waliotahiriwa siku moja. Siku tatu zilizobaki sikuwa na baba. Alikuwa akivusha watu wa pwani tangu asubuhi hadi jioni.

Tuliporudi nyumbani, kila abiria aliyeingia mtumbwini alisimuliwa habari ile, na kila mmoja alibisha. Siku moja Baba aliniita nishuke mtoni niwe shahidi mbele ya watu wa kanisa.

"Waambie ulichoona!"

Nikawaangalia wote, nikajikuna kichwa. "Mimi? Mimi nilikuwa nimelala."

Alinifukuza kwa upondo mpaka katikati ya mahindi, na hata nilipokuwa nimejificha nilimsikia akicheka hadi akakohoa.