Ng'ombe wa Mahari Kwenye Meno

Sisi ni watu wa maharagwe na viazi. Ng'ombe tulimjua kwa maziwa tu. Sasa mimi na kichwa changu kigumu nikapenda binti wa wafugaji wa ng'ambo ya mlima. Baba yake hakunificha: "Mutoto wangu hataenda kwa muntu hajue ng'ombe. Siku utaleta ya mahari, njo nitakuona." Na ng'ombe huyo ilibidi aingie uani kwao mzima, bila hata mkwaruzo. La sivyo, hakuna ndoa.

Barabara inauzunguka mlima. Kileleni kuna mawe marefu yaliyochongoka, yamejipanga na mapengo katikati, ndiyo maana tunayaita Meno. Baba mdogo, msindikizaji wangu, alitaka tufuate barabara. Nikasema hapana, tukatize pengoni, wakwe waone mwanaume anayejua njia.

Pengo lilianza pana, halafu likabana. Ng'ombe akaingiza kichwa, akaingiza mabega, tumbo likakataa. Baba mdogo akavuta mbele, mimi nikasukuma nyuma, na huko nyuma ng'ombe akaninyea koti zima, koti lenyewe la kuazima. Nikatoa chumvi niliyobeba mfukoni, nikamrushia baba mdogo amlambishe ng'ombe. Ng'ombe akaikataa. Nikambembeleza, nikamtukana, nikambembeleza tena. Nilikuwa karibu kulia, sifichi.

Kumbe kutoka uani kwao Meno yanaonekana yote. Ukoo mzima ulikuwa umekaa kwenye viti unatutazama tangu mchana. Binti, ambaye siku hiyo hatakiwi hata kuchungulia dirishani, akawaacha shangazi zake wakifoka, akapanda mpaka kwetu.

"Muache kuvuta," akasema. "Haikukwama. Imekasirika, imejaza tumbo."

Akachukua ile chumvi, akamkuna ng'ombe chini ya shingo, akampigia mluzi taratibu. Ng'ombe akashusha pumzi, tumbo likapungua, akatoka upande wa pili akilamba kiganja. Wakashuka wawili mbele. Sisi tukafuata na harufu yetu.

Baba mkwe alimzunguka ng'ombe pole pole, akamkagua mpaka kwato. Hakuna mkwaruzo. Kisha akanikagua mimi, nikiwa nimechubuka viwiko vyote.

"Ng'ombe iko muzima," akasema. "Lakini imeletwa na mutoto wangu. Weye umeleta nini?"

Mimi sikuwa na uongo wowote karibu.

"Chumvi, Papa."

Alicheka mpaka akashika uzio. Halafu akamgeukia mama mkwe: "Mumupe maji aoge, aingie. Ila hii ng'ombe asiiguse tena."