Kokoto za Mlima Kiboriani

Yule mzee aliyewaongoza Wadachi kupanda Kiboriani asubuhi na kuteremka jioni alijaza kokoto katika mfuko wake wa ngozi kila tulipoondoka Mpwapwa. Ukungu ukishuka, alirusha moja mbele, akasikiliza inapogonga, ndipo apige hatua. Mimi mpishi na wapagazi tulimfuata nyuma, na mpagazi mmoja, Yotham, alipenda kumtania. "Mzee, unapanda mbegu? Mawe hayaoti." Naye humjibu, "Tembea, mwanangu, ila usinipite."

Siku ile ukungu ulitufunika karibu na kilele. Alirusha kokoto, hatukusikia kitu. Akarusha nyingine, kimya. Nikaanza Baba Yetu moyoni, nikakwama katikati. "Mbele," akasema bwana wa bomani, mkuu wa Wadachi. "Kiboko unakijua." Mzee akalala kifudifudi, akakingama njia. "Nitakula kiboko tukifika chini, bwana. Hapo mbele hakuna ardhi." Buti likamkanyaga mgongoni, likatulia hapo. Hakusogea, ila vidole vyake vilichimba majani. Mwishowe buti likaondoka, bwana akageuka kurudi. Mzee alichelewa kuinuka. Nilipomkaribia nikaona nguo yake imelowa mapajani, na mvua haikuwa imenyesha. Nikavua kanga yangu ya begani, nikamfunga kiunoni kabla Yotham hajatazama. "Asante, mama," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akatoa kokoto nyingine mfukoni, akatutangulia kushuka, kuelekea bomani, kwenye kiboko chake.